Kitambi cha boom

Kijana wa mwaka wa pili alikuja kujaziwa fomu ya afya ya mafunzo kwa vitendo. "Dokta, wewe nigongee muhuri tu, mimi sina shida." Presha 132/86. Nikamkalisha dakika tano, nikapima tena: ileile. Nikatoa futi kamba ya fundi cherehani ninayoiweka droo moja na muhuri. Kiuno sentimita 97. Akacheka: "Hiki kitambi cha boom hiki, dokta, hela ikiisha nacho kinaisha." Boom ndiyo hela ya mkopo ya mwanafunzi wa chuo. Kesho yake alirudi bila kula. Sukari 5.8 mmol/L.

Ukiitazama kila namba peke yake, hakuna ya kukutoa jasho. Kisukari huanzia 7.0 kwa aliyefunga, na presha hiyo haijafika 140/90. Miaka yangu ya mwanzo hapa Dar mtu kama huyu nilimwambia yuko sawa, akaenda zake. Nilikosea. Vipimo ni vitano: kiuno kuanzia sentimita 94 kwa mwanamume au 80 kwa mwanamke, presha kuanzia 130 ya juu au 85 ya chini, sukari ya asubuhi kuanzia 5.6, mafuta ya trigliseridi kuanzia 1.7, na kolesteroli nzuri, HDL, ikiwa chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke. Vitatu vikivuka, tayari ni sindromu ya metaboli, na uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili unapanda takriban mara tano. Kijana wangu alikuwa navyo vitatu kabla hata sijamtoa damu ya kupima mafuta.

Mafuta yanayozunguka ini na utumbo hayakai kimya kama yale ya mapajani. Yanamwaga asidi za mafuta kwenye ini, ini linakuwa sugu kwa insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, na kongosho linalazimika kutoa insulini nyingi zaidi. Kwa miaka kadhaa sukari inaonekana nzuri, kumbe kongosho ndilo linabeba mzigo. Kwa hiyo wewe mwenye mikono myembamba na tumbo lililotangulia, usijifariji na mizani.

Nikamuuliza anavyoishi. Zege, yaani chipsi mayai, na soda saa nne usiku, kusoma kwenye kimbweta, yale mabenchi ya nje ya chuo, mpaka alfajiri, bodaboda hadi mlangoni mwa hosteli. Mama yake ana kisukari. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina karibu gramu 37 za sukari, vijiko tisa vya chai. Yeye hunywa mbili. Na kukesha nako si bure: usiku chache za usingizi wa saa nne zinatosha kuidhoofisha insulini na kuongeza njaa.

Dawa sikumpa. Tulikubaliana soda iondoke kabisa, bodaboda amwachie mwenye mzigo, alale kabla ya saa sita, arudi baada ya miezi mitatu. Zege alilipigania, tukaafikiana Jumamosi tu, na kachumbari nyingi.

Muhuri nilimgongea. Akaomba aondoke na futi kamba akawapime wenzake chumbani. Nimenunua nyingine.