Tairi gumu si tairi la kasi

Katika triathloni ya porini (kuogelea, baiskeli na mbio za miguu), kama mashindano ya XTERRA yaliyoanzia Maui, Hawaii, mwaka 1996, wengi hujaza tairi za baiskeli upepo hadi 40 psi (kipimo cha msukumo wa upepo) wakiamini ugumu ndio kasi. Kwenye lami dhana hiyo ina ukweli kiasi. Kwenye mawe na mizizi inakuponza.

Tairi gumu likikanyaga jiwe la ukubwa wa ngumi hurushwa juu, baiskeli na wewe pia. Kila mruko unakula nguvu uliyotia kwenye pedali, na tairi lililo hewani halishiki ardhi. Lenye upepo wa kiasi hubonyea, jiwe linapita chini yake, gurudumu linaendelea mbele. Mgongo nao hauchoki mapema, na bado una mbio za miguu mbele yako!

Mtu wa kilo 70 mwenye tairi za upana wa inchi 2.25 zisizo na tyubu aanze na 21 psi mbele na 24 nyuma, kunakobeba uzito zaidi. Pima kwa geji. Kidole gumba hakitofautishi 20 na 28. Ukisikia ringi ikigonga jiwe, ngaa, au tairi likiyumba kwenye kona, ongeza 2. Wenye tyubu wapande hadi 28 au 30, la sivyo ringi huibana tyubu na kuitoboa matundu mawili yaliyopangana, kama alama ya meno ya nyoka.

Kila tairi lisilo na tyubu litie mililita 100 za maji ya kuziba pancha. Kwenye joto hukauka baada ya miezi michache, kwa hiyo yakague kabla ya mashindano. Hata hivyo beba plagi (kizibo cha tundu la tairi), pampu ndogo na tyubu moja.