Hapana ssebo, hiyo haimo kwenye Biblia

Mi nadizaini kadi za harusi na kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi) hapa Nasser Road, Kampala, na wiki hii peke yake wateja watatu wameniletea neno lile lile, "Mungu alisema jisaidie nikusaidie", na chini yake wanataka niweke "Biblia Takatifu". Banange nimechoka. Haimo. Anza Mwanzo maliza Ufunuo, haimo, hata kwenye Methali ambako kila mtu anakimbilia akikwama.

Jana mama mmoja kasimama hapa kaunta na simu yake anatafuta, mi nangoja, akaanza Methali akaenda Mhubiri akaishia kumpigia pasta wake, pasta naye akasema iko, ila sura ndo ameisahau. Nikamwambia nyabo, hata akeshe hataikumbuka. Wazo lenyewe ni la kale, liko kwenye hadithi za Aesop, yule jamaa mkokoteni wake umekwama kwenye matope anamlilia Hercules, yule shujaa wa Wagiriki mwenye nguvu, Hercules anamwambia weka bega kwenye gurudumu kwanza ndo uniite. Kwa Kiingereza Algernon Sidney, mwandishi Mwingereza, aliliandika, likachapwa 1698, halafu Benjamin Franklin akaliweka kwenye kijitabu chake cha kalenda cha 1736. Kalenda! Biblia yenyewe inaenda kinyume, Methali 28:26 inamwita mpumbavu anayeutumainia moyo wake mwenyewe, na Warumi 5:6 inasema Kristo alikufa tulipokuwa hatuna nguvu, yaani aliwajia wale wale walioshindwa kujisaidia. Ukitaka aya ya kuchapa wavivu chukua 2 Wathesalonike 3:10, asiyetaka kufanya kazi asile, ingawa kuiweka kwenye kadi ya kuita watu kwenye pilau, hiyo shauri yako.

Halafu kuna aibu nyingine hawaioni. Mtu wa Pwani akipokea kadi imeandikwa "jisaidie" cha kwanza anawaza choo. Nimewahi kuchapa 300 hivyo, mteja alilipa kesh na akagoma kubadilisha, na wajomba wa bibi harusi wote walikuwa wanatoka Mombasa.

"Pesa ni shina la maovu", hii angalau iko ila mmeikata kichwa. 1 Timotheo 6:10 inasema kupenda fedha. Fedha yenyewe haina kesi, lete dipoziti.

Kadi za graduesheni sasa. Yale maneno kwamba woga wetu mkubwa sio kuwa hatutoshi, ati Mandela aliyasema akiapishwa 1994. Hotuba ipo, isomeni, hayamo. Ni ya Marianne Williamson, mama wa Kimarekani, kwenye kitabu chake cha 1992. Nikifuta jina la Mandela mteja ananiangalia kama nimemwibia.

Na hii ya ukitaka kwenda haraka nenda peke yako, ukitaka kufika mbali nendeni pamoja, mnaniandikia "methali ya Kiswahili". Al Gore, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani, aliitaja Oslo 2007 akipokea Nobel, akaiita methali ya Kiafrika, basi tangu hapo imekuwa ya bibi zetu wote. Bibi yangu alisema kidole kimoja hakivunji chawa. Nawapa hiyo bure, wanakataa, chawa kwenye kadi ni uchafu.

Ushauri wangu huwa ni mmoja, weka methali yenyewe, fupi, usiweke jina la mtu chini. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Inakaa vizuri kwenye mstari mmoja, herufi kubwa, rangi ya dhahabu, na hakuna pasta wa kupigiwa simu, lakini bwana harusi mmoja akaniuliza kwani wakwe watasema tuna TB?

Yule mama wa jana amerudi asubuhi hii. Amekubali tutoe "Biblia Takatifu". Anauliza kama tunaweza kuweka Mandela.