Sanaa ya kunusa na kugusa: yanayosemwa na yalivyo

"Sanaa ni ya macho, mengine ni mbwembwe."
Mwaka 2018, ndani ya stesheni kuu ya reli ya Zurich, Mbrazili Ernesto Neto alisimika GaiaMotherTree: mti wa vitambaa vya pamba vilivyofundikwa kwa mikono, urefu wa mita 20, ukakaribia dari. Abiria waliingia chini yake, wakakaa, wakanusa viungo vilivyoning'inia katika vifuko. Kazi hiyo ilitokana na ushirikiano wake wa miaka kadhaa na jamii ya Huni Kuin wa Amazoni. Ukiyaondoa manukato, kinachobaki ni wavu mkubwa. Harufu ina njia yake: hufika sehemu za ubongo zinazoshughulikia kumbukumbu bila kupitia kwanza kituo kinachopokea habari za macho na masikio.

"Basi harufu ni lugha ya wote."
Hapana. Chukua karafuu, ambayo Neto ameitumia katika kazi nyingi. Mmoja akiinusa anakumbuka chungu jikoni. Mwenzake aliyesimama ubavuni anakumbuka kiti cha daktari wa meno, maana mafuta ya karafuu hutumika huko. Wanaanza kubishana, na hapo ndipo kazi inapoanza kufanya kazi.

"Kuunganisha tamaduni ni kukusanya vitu vyao."
Bustani ya Superkilen, iliyofunguliwa Copenhagen mwaka 2012, ina vitu zaidi ya 100 vyenye asili ya nchi zaidi ya 60: bembea za Iraki, spika za muziki za Jamaika, hata udongo wa Palestina. Orodha hiyo peke yake ingekuwa duka la kumbukumbu za watalii. Kilichoiokoa, kwa maoni yangu, ni kwamba wakazi walishiriki kupendekeza vitu, na baadhi yao wakasafiri na wasanii kuvifuata.

"Kama ni ya kugusa, iguseni tu."
Mwaka 2010, msanii wa China Ai Weiwei alitandaza mbegu milioni 100 za kauri katika ukumbi wa Tate Modern, jumba la sanaa la London. Zilitengenezwa na kupakwa rangi kwa mikono huko Jingdezhen, mji wa kale wa wafinyanzi wa China. Watu walizikanyaga, wakazilalia, wakazichota viganjani. Baada ya siku chache vumbi la kauri likaonekana hatari kwa mapafu, kamba ikafungwa. Waliochelewa walisimama pembeni wakitazama. Ule mkwaruzo chini ya viatu hawakuusikia.