“Ni Uzee Tu”: Maneno Yanayowanyima Wazee Wetu Tiba

Mama yangu mkubwa wa Tandahimba ameokota korosho tangu usichana wake. Kila msimu ukifika Oktoba, alfajiri yuko chini ya mikorosho na ndoo yake. Alipofika miaka 68, sisi watoto wake tulikaa tukakubaliana kwamba sasa mama apumzike. Tukamnunulia kiti, tukamtafutia binti wa kumchotea maji. Tulifanya kwa mapenzi kabisa. Msimu uliofuata alikuwa hainuki mkekani mpaka ashikwe mkono, na wote tukasema: ni uzee tu.

Kumbe ni mwaka mzima wa kukaa.

“Mzee asisumbuliwe, akae tu”

Hii ndiyo dhana inayoniuma zaidi, kwa sababu inatoka kwenye mapenzi. Ni kweli misuli hupungua kadiri umri unavyosogea. Lakini misuli isiyopewa kazi hupungua kwa kasi kubwa zaidi, na mapaja yakishalegea mzee huanza kuogopa kuanguka. Akiogopa, anatembea kidogo. Akitembea kidogo, analegea zaidi, mpaka siku anaanguka kweli na kuvunjika nyonga.

Habari njema ni kwamba misuli ya mzee bado inasikia ikiitwa. Mwaka 1990, watafiti wa Boston, Marekani, waliwafanyisha mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu wazee wa umri wa karibu miaka 90 waliokuwa kwenye nyumba ya kulelea wazee. Baada ya wiki 8, nguvu za mapaja yao zilikuwa zimeongezeka zaidi ya mara mbili. Watu wa miaka tisini!

Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 kwa wiki za kujishughulisha kwa kiasi, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kujimudu wasiyumbe, siku 3 kwa wiki. Kwetu hilo halihitaji ukumbi. Kutembea mpaka shamba kunatosha, na palizi nyepesi pia. Nyumbani, ainuke kwenye kiti bila kushika kitu mara kumi, asubuhi na jioni. Asimame kwa mguu mmoja karibu na ukuta, mtu akiwa jirani. Mama mkubwa alianza na mara tatu tu, akihema. Leo amerudi kwenye mikorosho yake, na ndoo ya lita 10 badala ya 20, na jua likipanda anakwenda kivulini.

“Presha ikipanda utaisikia”

Husikii. Wengi wenye shinikizo la juu la damu hawaumwi kichwa wala hawasikii moyo kwenda mbio. Ni kipimo tu kinachosema, na kikionesha 140 kwa 90 au zaidi, kwa kurudia siku tofauti, hapo pana tatizo. Kinachonisikitisha ni dawa kumezwa siku ya kuumwa kichwa peke yake, kana kwamba ni za maumivu. Dawa ya presha inamezwa kila siku hata ukijisikia mzima. Na chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyomo ndani ya ng'onda.

Halafu kuna “upepo mbaya”. Mdomo ukienda upande, mkono ukalegea ghafla, maneno yakawa hayaeleweki, hicho ni kiharusi, na presha isiyotibiwa ndiyo sababu yake kubwa. Kila saa inayopotea kwa mganga ni sehemu ya ubongo inayokufa. Hospitali kwanza, jamani.

“Busha ni la madafu, tena ni alama ya utu uzima”

Ukanda wetu wa pwani, kuanzia Kilwa na Lindi mpaka Mikindani, unalijua busha vizuri kuliko unavyotaka kulizungumza. Baba zetu wengi wamelibeba miaka na miaka chini ya kanzu na msuli, wengine wakiambiwa ni madafu, wengine ni heshima ya umri.

Madafu hayana kosa. Kwetu sababu kubwa ni minyoo myembamba kama uzi, inayoenezwa na mbu, ile ile inayoleta matende. Mara nyingi mtu huambukizwa utotoni na uvimbe ukaja kuonekana ukubwani, ndiyo maana watu wanadhani umeletwa na umri. Dawa za kingatiba zinazogawiwa vijijini zinawaua minyoo wachanga walio kwenye damu, hivyo mbu hana cha kupeleka kwa jirani. Uvimbe wenyewe unaondolewa kwa upasuaji, na mzee anarudi kutembea, kukaa na wenzake, hata kwenda msikitini bila kujificha. Mwanaume wa miaka 70 haoni haya kutibiwa jino. Na hili alione hivyo hivyo.

“Mzee lazima asahau”

Kusahau miwani ilipo ni jambo la kawaida. Kupotea njia ya shamba aliyoipita miaka arobaini ni ugonjwa wa ubongo, uitwao kitaalamu dementia, haukuletwa na jirani mchawi, wala yeye hajawa mchawi. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la kitabibu la The Lancet lilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa, karibu 45% ya visa vya ugonjwa huu duniani vingezuiwa au kucheleweshwa. Miongoni mwake ni presha, kisukari, sigara, upweke, na masikio na macho yasiyotibiwa.

Na akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, msiite uzee. Inaweza kuwa malaria, ambayo mikoa yetu bado inaifahamu sana, au maambukizi ya mkojo, au amekosa maji tu, maana kiu ya mzee hupungua. Mpelekeni akapimwe siku hiyo hiyo.

Macho yenye ukungu nayo yasisubiriwe. Mtoto wa jicho hatoki kwa matone. Anatolewa kwa upasuaji mfupi. Sera ya Taifa ya Wazee inamtambua mzee kuanzia miaka 60, kwa hiyo mkifika hospitali muulizeni ofisa ustawi wa jamii kuhusu matibabu ya bure kwa wazee wasio na uwezo.

“Amenyamaza, ndiyo hekima yenyewe”

Mzee mmoja wa mtaani kwetu alifiwa na mkewe, akaacha kwenda barazani kucheza bao. Alikuwa akikaa uani, hali, halali, hasemi. Watu walimsifu kwa utulivu. Ilikuwa sonona, ugonjwa wenye tiba kama mwingine wowote, na tuliugundua mganga wa zahanati alipomuuliza swali ambalo sisi hatukuwahi kumuuliza: “Baba, bado unatamani kuishi?” Akalia. Alianzishiwa matibabu, na wenzake wa bao wakaamua kuhamishia ubao uani kwake. Wiki mbili za mwanzo aliwatazama tu. Ya tatu akanyoosha mkono, akachukua kete.