Unataka kuanza akiolojia Iringa au Mbeya? Jiandae kutembea

Kila mwaka mvua zikikaribia kukatika, vijana waliomaliza chuo huanza kuniandikia, na swali lao karibu wote ni moja: "Mtaalamu, mnachimba lini?" Nawaelewa. Picha zote wanazozijua ni za shimo lililozungushiwa kamba na watu waliopiga magoti wameshika brashi. Lakini anayeanza kazi hii huku kwetu, kuanzia Iringa hadi Tunduma, atakaa sana kabla ya kushika mwiko wa kuchimbia. Atapewa mstari wa kutembea, ainamishe macho, aandike alichokiona pale pale alipokiona. Wengi huichukulia kama adhabu ya wageni. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yenyewe, na kuchimba ni sehemu yake ndogo inayokuja baadaye, tena kwa gharama kubwa.

Tuanze na ardhi, maana ndiyo inayoamua unabisha hodi wapi. Watu husema "ardhi ya umma" wakimaanisha msitu wa serikali. Kisheria ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na sheria za mwaka 1999 ziliigawa mafungu matatu: ya jumla, ya hifadhi na ya kijiji. Ukiwa hifadhi ya taifa ya Kitulo au Ruaha unaongea na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Kwenye msitu wa hifadhi wa serikali kuu unaongea na TFS, wakala wa misitu. Kwenye ardhi ya kijiji, ambako kazi yetu nyingi hufanyika, wenyeji wako ni mtendaji, mwenyekiti na halmashauri ya kijiji. Juu ya hao wote kuna leseni ya Idara ya Mambo ya Kale, na kwa utafiti wa kitaaluma kuna kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Barua hushuka ngazi kwa ngazi: mkoa, wilaya, kata, kijiji, kitongoji. Mara nyingi mgeni wa kazi ndiye hupewa bahasha aibebe. Isome. Mtendaji atakuuliza wewe, hatamuuliza profesa aliyebaki kwenye gari.

Kwa nini kutembea? Angalia Isimila, kilomita kama 20 kutoka Iringa mjini kwa barabara ya Mbeya. Mahali pale hapakujulikana kwa kuchimba. Mwaka 1951 zana za mawe ziliokotwa juu ya ardhi, ndani ya korongo, na uchimbaji mkubwa wa F. Clark Howell na wenzake ulikuja 1957 na 1958. Maji yalishawafanyia nusu ya kazi: yalikata udongo wa ziwa la kale yakaacha nguzo zile ambazo watalii hupiga nazo picha, na chini yake yakaanika mashoka ya mkono yenye umri wa zaidi ya miaka laki mbili. Maji hayo hayo kila masika husogeza zana nyingine mbali na tabaka lililozihifadhi. Jiwe likishasogea bila mtu kuandika lilipokuwa, linabaki jiwe zuri la kuweka kabatini, na mwanaakiolojia hana la kuliuliza.

Sasa mstari wenyewe. Mnajipanga, mtu na mtu mita kumi au kumi na tano kulingana na eneo, mnaelekea upande mmoja mkifuata dira au simu. Ukiona kitu unainua mkono, wote wanasimama. Hakuna kuokota kwanza. Unachomeka kibendera, unatazama umbali wa hatua chache kila upande, ndipo mnapiga pointi (namba za mahali kwenye kifaa), picha yenye kipimo na alama ya kaskazini, na fomu. Inachosha, sikatai, hasa saa saba mchana kwenye vilima vya Ismani.

Kipengele kimoja cha fomu vijana hukijaza ovyo kuliko vyote, nacho ndicho ninachokisoma kwanza: asilimia ya ardhi inayoonekana. Ukiandika "hakuna kitu" kwenye shamba lililolimwa juzi na kuoshwa na mvua ya kwanza, umeniambia jambo kubwa. Ukiandika maneno hayo hayo kwenye mashamba ya paini ya Mufindi, ambako majani makavu yamefunika udongo wote, hujaniambia chochote. Pale tunahitaji vishimo vya majaribio na chekecheo. Tukuyu ni shida ya aina nyingine kabisa. Majivu na pamisi (mawe mepesi yenye matundu) za volkeno za Rungwe zimefunika uso wa zamani, kwa hiyo unaweza kutembea juu ya migomba na chai mpaka jioni ukaona vigae vya juzi tu. Huko ninawapeleka watu kwenye kingo za mito, kwenye barabara zilizokatwa mlimani, na kwenye mashimo ya wafyatua tofali. Mfyatua tofali anaijua stratigrafia, yaani mpangilio wa tabaka za udongo, ya kitongoji chake kuliko wewe, msalimie vizuri.

Halafu kuna kwatzi, lile jiwe jeupe lililojaa Iringa nzima. Jembe hulipasua, moto wa nyasi hulipasua, tairi la lori hulipasua, na mtu wa Zama za Mawe naye alilipasua. Kwenye mawe yenye chembe laini zaidi utafundishwa kutafuta sehemu lilipopigwa na uvimbe mdogo chini yake. Kwenye kwatzi alama hizo mara nyingi hazikai. Usiamue kwa kipande kimoja. Tafuta vipande vingi mahali pamoja, vya ukubwa unaofanana, na hasa tafuta jiwe ambalo si la hapo, limebebwa kutoka mbali. Mavi ya chuma, yaani takataka za kuyeyushia chuma, ni rahisi zaidi: mazito, meusi, yana mikunjo ya kitu kilichotiririka, na karibu yake huwa kuna vipande vya mirija ya udongo ya kupitishia hewa. Ufipa, alikofanya utafiti wa chuma Bertram Mapunda, bado kuna mabaki ya malungu, zile tanuri ndefu kuliko kimo cha mtu. Wanyiha wa Mbozi nao waliyeyusha chuma. Ukifika huko ulizia ukoo wa wahunzi kabla hujawasha GPS.

Nakuja kwenye ramani, na hapa sitakimbia, kwa sababu ndipo kazi nzuri ya miguu inapopotelea.

Simu na GPS za mkononi kwa kawaida husoma mfumo wa WGS 84, yaani msingi ambao namba za mahali huhesabiwa kutoka kwake. Ramani za zamani za 1:50,000, zile ambazo ofisi nyingi za wilaya bado zinazitumia, zimechorwa kwa mfumo mwingine, Arc 1960. Namba zinafanana sura, lakini huku kwetu zinapishana karibu mita 300, kaskazini kwa kusini. Mita 300 zinatosha kulitoa pango kwenye ardhi ya kijiji na kulitupa ndani ya msitu wa hifadhi, na barua yote ya ruhusa ikawa imekwenda kwa ofisi isiyohusika. Kwa hiyo kila fomu iandikwe mfumo uliotumika, hata kama unaona ni jambo la wazi. Kwa anayefungua fomu hiyo miaka ishirini baadaye halitakuwa wazi.

Kuna mtego wa pili ambao ni wa Iringa hasa. Mbeya na Iringa mjini ziko kanda ya 36 Kusini ya gridi ya UTM, inayoigawa dunia kanda za nyuzi sita na kupima mahali kwa mita. Kanda hiyo inaishia longitudo 36, karibu na Ilula. Ukiteremka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni uko kanda ya 37. Namba ya mashariki, ile inayoonyesha uko mashariki kiasi gani ndani ya kanda, ambayo ilikuwa ikipanda mpaka kwenye laki nane na elfu thelathini hivi, inaanguka ghafla mpaka laki moja na elfu sabini. Anayefanya kazi Kilolo bila kulijua hilo atadhani kifaa kimeharibika. Au, vibaya zaidi, hatadhani chochote, na sampuli zake zitachorwa mamia ya kilomita kutoka zilipotoka. Andika kanda. Kisha chora pointi za siku kwenye QGIS, programu ya ramani, jioni hiyo hiyo, kabla ya kula.

Maeneo yakishathibitishwa hupewa namba za mfumo unaotumika Afrika nzima. Bara limegawanywa miraba ya nyuzi sita yenye herufi kubwa, na ndani yake vipande vya dakika 15 vyenye herufi ndogo. Ndiyo maana pango la Mlambalasi, jirani na kaburi la Mkwawa, linaitwa HwJf-02, na pango la Magubike ni HxJf-01. Tofauti ya w na x inakuambia kwamba mstari wa latitudo 7°45′ unapita kati yao. Uzuri ni kwamba karatasi moja ya ramani ya 1:50,000 nayo ni dakika 15 kwa 15. Ukiwa na karatasi sahihi mkononi, herufi unazo tayari. Chini ya miamba kama hiyo, lakini, usitegemee GPS: satelaiti hazionekani. Piga pointi nje penye uwazi, kisha pima kwa tepu na dira hadi ndani.

Yote hayo unaweza kujifunza kwa muda mfupi. Kijiji hakifundishiki hivyo.

Ukionekana na kidude chenye kioo, ukitembea kwa mstari na kuandika namba, wenyeji hukuweka kwenye moja ya makundi mawili. Kundi la kwanza ni wapima ardhi: unakuja kuweka bikoni za mpaka, kesho msitu umepanuka na mashamba yamekwenda. Kundi la pili ni wawindaji wa mali za Mjerumani. Hadithi za rupia zilizofukiwa na zebaki nyekundu ziko kila wilaya ya nyanda hizi, na watu wamechimbua makaburi na misingi ya maboma kwa ajili yake. Mtu atakuja kando na kukuuliza kwa sauti ya chini, "Kijana, mashine hiyo inafika chini mita ngapi?" Usicheke. Mwambie haioni hata sentimita moja chini ya ardhi, inajua tu mahali iliposimama, kisha mpe aishike, atembee nayo aone namba zikibadilika. Hiyo husaidia kuliko hotuba. Na salamu zitangulie: "Kamwene" ya Kihehe au Kibena, hata ukiikosea lafudhi, hufungua mazungumzo ambayo bahasha yenye mhuri haifungui. Mapango mengine ni mahali pa tambiko. Mzee anayehusika akikuambia usiingie leo, huingii leo.

Ndiyo maana pia sipendi kuona pointi kamili zikiwekwa kwenye kurasa za mitandao. Picha weka, jina la wilaya weka. Namba za gridi ziende kwenye ripoti na kwa Mambo ya Kale. Ukizitangaza, umewachorea wachimba mali ramani ya bure.

Jambo moja la sheria ambalo chuoni hupitwa haraka. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja vilivyotengenezwa au kujengwa kabla ya mwaka 1863. Sasa fikiria historia ya hapa: vita vya Lugalo, Wahehe dhidi ya Wajerumani, ni Agosti 1891, ngome ya Kalenga iliangushwa Oktoba 1894, Mkwawa alikufa Julai 1898, maboma ya Wajerumani nayo ni ya baada ya 1863. Yote yako upande wa pili wa mstari. Mahali pa namna hiyo panahitaji kutangazwa na waziri kwenye Gazeti la Serikali, na tangazo linahitaji mahali penye mipaka iliyopimwa. Handaki la vita au msingi wa kituo cha Mjerumani ambao hakuna aliyeuandikia fomu hauna pa kuanzia, na trekta haliulizi.

Kuhusu ajira nitakuwa mfupi. Serikalini tafuta nafasi za Mhifadhi Mambo ya Kale Daraja la Pili kupitia Sekretarieti ya Ajira. Ni chache na hazitoki kila mwaka. Marekani, sheria ya 1966 inazitaka taasisi za serikali kuu zitazame urithi wa kale kabla ya kuidhinisha mradi, na hiyo imezaa ajira nyingi za msimu za vijana wa kutembea na kupima. Kwetu mlango unaofanana na huo ni tathmini ya mazingira chini ya sheria ya 2004: barabara, mabwawa, njia za umeme kama ile ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga. Washauri wa miradi wanahitaji watu wa kutembea njia nzima, na hulipa posho. Mlango mwingine ni timu za vyuo vikuu, ambazo hutoka kati ya Juni na Oktoba, kwa hiyo andika mapema, Februari au Machi, vibali vikiwa bado vinashughulikiwa. Usinitumie cheti peke yake. Tembea kilomita mbili karibu na kwenu, pata ruhusa ya mwenyekiti wa kitongoji, usiokote kitu, kisha nitumie ramani yako ikiwa na mfumo, kanda na asilimia ya ardhi uliyoiona. Hata kama hukukuta kitu.