Umeweka 22, mbona hewa ni baridi hivyo? Dhana potofu kuhusu AC ya otomatiki

Safari ya Kisumu hadi Nakuru kwa njia ya Kericho hujaribu AC kuliko safari nyingi. Unaanzia kwenye fukuto la ziwani, mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari. Unapita Ahero na Awasi, unapanda hadi kwenye mvua ya Kericho, unakutana na baridi ya Mau Summit, halafu unateremka Salgaa kuingia Nakuru iliyo mita 1,850 hivi. Mwenye AC ya kawaida hushinda akizungusha vifundo njia nzima. Mwenye ile ya otomatiki anapaswa kuweka nambari, kubonyeza AUTO na kushika usukani wake. Tatizo ni kwamba wengi hawajui nambari ile inasema nini, na AC ikisumbua wanaitibu ugonjwa ambao haina.

Dhana: Ukiweka 22, matundu yatoe hewa ya nyuzi 22.

Hapana. Hiyo 22 ni joto linalotafutwa ndani ya gari lote. Gari lililoegeshwa juani Kisumu saa saba mchana linaweza kupita nyuzi 50 ndani, na hewa ya nyuzi 22 ingechukua muda mrefu mno kulipoza. Kwa hiyo kompyuta ya AC hupuliza hewa baridi zaidi kwa nguvu, kisha huipunguza makali kadiri gari linavyokaribia 22. Ukifika Mau Summit jioni bila kugusa kitu, matundu yale yale yatatoa hewa ya moto, kwa nambari ile ile.

Inajuaje? Kwa vihisi. Kimoja kimejificha nyuma ya kiwavu kidogo kwenye dashibodi, mara nyingi karibu na usukani, na kinapima hewa mnayovuta. Cha pili kiko mbele, nyuma ya bampa, kinapima hewa ya nje. Cha tatu ni kile kidude cheusi juu ya dashibodi karibu na kioo, kinachopima jua. Kingine hukaa kwenye kipozea chenyewe, sehemu inayopoza hewa, ili kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya AC, isije ikakigandisha. Kompyuta ikishapata habari hizo, huendesha vijimota vinavyofungua na kufunga vilango ndani ya dashibodi: hewa iliyopozwa upande huu, hewa iliyopashwa na maji ya injini upande ule. Ni kazi ya mtu anayechanganya maji ya kuoga kwenye beseni, ila huyu hachoki kupima.

AC ya kawaida ina kilango hicho pia, lakini mkono wako ndio unaokisogeza, na hakuna kinachopima kama mmepoa au mmezidi.

Dhana: Ukiweka 18, gari litapoa haraka kuliko ukiweka 24.

Gari likiwa tanuri, 18 na 24 huanza karibu sawa: kompresa inafanya kazi, feni iko juu, kilango cha moto kimefungwa. Tofauti huja mwishoni, 24 inapoanza kulegeza na 18 inaendelea mpaka abiria waombe sweta. Ukishuka hadi LO, yaani chini kabisa, kwa magari mengi umeiambia iache kupima, ipulize baridi tu. Kinachosaidia kweli ni kuteremsha vioo dakika za mwanzo ili joto lililofungiwa litoke, kisha kuvifunga.

Dhana: AC haipoi? Gesi imeisha.

Hii ndiyo imani inayokula pesa za watu. Gesi ya AC huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Haitumiki ikaisha kama petroli. Ikipungua, imevuja. Ni kweli kwamba kidogo hupenya kwenye mipira na viungo kwa miaka, lakini gari linalojazwa gesi kila baada ya miezi michache lina tundu, na fundi asiyelitafuta anauza gesi tu. Kujaza kupita kiasi nako ni hasara: shinikizo hupanda na ubaridi hupungua. Kipimo, kwa gramu, huandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti, pamoja na aina ya gesi. Gesi za R-134a na R-1234yf hazibadilishani.

Kwenye AC ya otomatiki kuna zaidi. Gesi inaweza kuwa kamili na bado mkaungua. Chukua gari lililogongwa mbele kidogo, bampa likanyooshwa na kupakwa rangi, kihisi cha nje kikaachwa bila kuunganishwa. Kompyuta inaweza kudhani nje kuna baridi ya kugandisha, na magari mengi huzima kompresa katika baridi ya namna hiyo. Hapo Kondele, jua la utosi, gari linaamini liko kwenye theluji! Hakuna gesi itakayolishawishi.

Au kimota cha kilango kimekatika meno. Utasikia tak-tak-tak nyuma ya dashibodi kila unapowasha gari, na hewa itabaki ya moto au ya baridi hata ubadilishe nambari namna gani. Dereva akipata baridi na abiria wake akipata joto, shuku kimota hicho. Lakini gesi pungufu nayo huleta dalili hiyo kwa baadhi ya magari, kwa hiyo shinikizo lipimwe kwanza kwa geji.

Toyota nyingi zilizotoka Japani zikiwa mitumba hujisema zenyewe. Shika AUTO na kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kwa pamoja, washa swichi, na kioo cha AC kitaonyesha nambari za kasoro. Kwa kawaida 11 ni kihisi cha ndani, 12 ni cha nje, 21 ni cha jua. Usifanye jaribio hilo gizani, maana 21 itajitokeza hata kihisi kikiwa kizima.

Dhana: Kitambaa cha dashibodi ni urembo tu.

Kikifunika kile kidude cheusi, umelifumba gari jicho. Ukitoka Kisumu asubuhi kuelekea Ahero, jua liko usoni. Hewa ya ndani inaweza kusoma 23 huku ngozi yako inaungua, na ndiyo maana kihisi cha jua huiambia kompyuta iongeze baridi. Kikifunikwa, haiongezi. Kwenye magari ambayo kihisi hicho kinaendesha taa pia, dalili ni rahisi: umeziweka taa kwenye otomatiki, nazo zinajiwasha mchana kweupe.

Dhana: Kwenye baridi na mvua, zima AC.

Mvua ya Kericho ikikukuta na watu watano garini, ndipo unapoihitaji zaidi. Hewa ikipita kwenye kipozea huacha maji yake pale, kisha hupashwa moto na kukufikia ikiwa kavu. Ukungu kwenye kioo hutoweka. Zingatia tu hewa iwe ya kutoka nje. Ukizungusha ya ndani bila AC, mnapumuliana maji na kioo kinafumba. Maji hayo ya kipozea ndiyo yanayodondoka chini ya gari mkisimama. Si rejeta inayovuja.

Dhana: Feni ikikawia asubuhi, imekufa.

Asubuhi ya baridi Nakuru, AUTO huzuia feni mpaka maji ya injini yapate moto. Bila hivyo ingekupulizia baridi miguuni.

Dhana: Otomatiki ni mambo ya magari mapya.

Cadillac ilitoa mfumo wa namna hii Marekani mwaka 1964.

Dhana: AC hunywa mafuta, heri madirisha.

Kompresa hula nguvu ya injini, hilo halina ubishi. Kwenye foleni ya mjini, madirisha ni nafuu kwa mafuta. Ukishika kasi barabara kuu, upepo unaoingia dirishani hulivuta gari nyuma na tofauti hupungua, kwa kiasi kinachotegemea umbo la gari. Mimi ningefunga vioo tangu Nyamasaria, kwa sababu ya vumbi na moshi wa malori kuliko kwa sababu ya mafuta.