Dhamana Si Faini: Jinsi Mahakama za Kenya Zinavyoamua

Mshukiwa wa mauaji anapoachiliwa kwa dhamana, wengi hudhani kesi imezimwa. Dhana hiyo ina historia yake, kwa kuwa kabla ya Katiba ya 2010 mauaji, uhaini na wizi wa mabavu hayakuwa na dhamana. Siku hizi Kifungu cha 49 kinampa kila aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa masharti yanayofaa, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumzuilia, na mzigo wa kuonyesha sababu hizo uko kwa upande wa mashtaka.

Mahakama hupima uzito wa shtaka na wa ushahidi, mwenendo wa mshtakiwa, makao na jamaa zake, na kama aliwahi kuruka dhamana au anaweza kuwatisha mashahidi. Hakimu au jaji anaweza kumtuma afisa wa probesheni nyumbani kwa mshtakiwa, azungumze na familia, chifu na hata jamaa za mwathiriwa, kisha aandike ripoti. Wakati mwingine hasira ya majirani ni kali kiasi kwamba mtu hubakizwa rumande kwa usalama wake mwenyewe, jambo ambalo sheria inaliruhusu.

Kuhusu kiasi, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka kilingane na mazingira ya kesi na kisipite kiasi. Shilingi 100,000 kwa mwenye duka la jumla ni usumbufu tu. Kwa msukuma mkokoteni ni sawa na kunyimwa dhamana. Kwa hiyo mshtakiwa asinyamaze: aeleze kipato chake na wanaomtegemea, maana hakimu hawezi kupima asichoambiwa. Masharti yakimlemea, anaweza kuiomba Mahakama Kuu iyapunguze.

Bondi yenye mdhamini, yaani ahadi ya maandishi kwamba mshtakiwa atafika kortini, ikiungwa mkono na mtu mwingine, haidai pesa papo hapo, lakini anayeweka hatimiliki ya shamba lake ajue kwamba mshtakiwa akitoroka, ni yeye atakayeitwa kujieleza. Pesa taslimu nazo hurudishwa kesi ikiisha, hata mshtakiwa akipatikana na hatia, mradi alihudhuria vikao vyote. Hurudishwa kwa aliyetajwa kwenye risiti. Basi shangazi akitoa pesa zake, risiti iandikwe jina la shangazi, si la wakili wala la mshtakiwa.